Tundu, Kiraka na Gurudumu la Akiba: Historia ya Kuziba Pancha

Pancha, kwa maana inayotumika katika Kiswahili cha Afrika Mashariki, ni tundu linalotoboka katika tairi au katika tyubu, yaani ule mpira mwembamba wa ndani unaotunza upepo, na kwa kupanuka kwa maana neno hilo hutaja pia hali ya chombo kukwama kwa sababu upepo umetoka. Neno lenyewe limetoka katika Kiingereza, kama yalivyotoka tairi, jeki, spana, pampu na valvu, lakini vitenzi vinavyofuatana nalo ni vya Kiswahili chenyewe: pancha huzibwa, tyubu hutiwa kiraka, tairi hujazwa upepo. Kuziba kulikuwa kazi ya heshima katika pwani muda mrefu kabla ya tairi la kwanza kufika bandarini, kwa kuwa mafundi wa kalafati walishindilia pamba iliyolowa mafuta katika nyufa za mbao za majahazi, nayo maisha ya mabaharia yakategemea uangalifu wao. Kiraka nacho kilikuwa cha mshona nguo kabla ya kuwa cha fundi wa tairi. Ufundi mgeni ulipoingia ulikuja na majina ya vifaa vyake, ukakuta majina ya kazi yameshakuwapo.

Historia ya tairi kwa kawaida huandikwa kama historia ya wavumbuzi na viwanda, na tundu hutajwa humo kama kasoro ndogo iliyokuwa ikingojea kuondolewa. Mtazamo huo unaficha jambo kubwa. Tundu halijawahi kuondolewa; kilichobadilika kwa zaidi ya miaka 130 ni muda unaopita tangu upepo kutoka hadi safari kuendelea, na kila muda huo ulipofupishwa, kazi ya kuziba haikupungua bali ilihama mikono. Ilitoka kwa fundi wa karakana ikaenda kwa mwendeshaji, kisha ikaahirishwa na gurudumu la akiba, na mwishowe ikamwangukia fundi wa kando ya barabara, ambaye vitabu humtaja kwa uchache usiolingana na uzito wa kazi yake.

Tairi la upepo lilibuniwa mara mbili. Mskoti Robert William Thomson alipata hataza, yaani haki ya kisheria ya mvumbuzi juu ya alichokibuni, mwaka 1845, na magurudumu yake yakajaribiwa kwenye magari ya farasi huko London mwaka 1847: mfuko wa turubai iliyopakwa mpira ulijazwa hewa, ukafunikwa kwa ngozi nene iliyokazwa kwa boliti katika gurudumu la mbao. Magari hayo yalikwenda kwa wepesi na kwa utulivu uliowashangaza watazamaji, lakini magurudumu yalikuwa ghali, na aliyetaka kuufikia mfuko wa ndani alilazimika kufungua boliti moja baada ya nyingine. Uvumbuzi huo ukasahauliwa kwa miongo minne. Hata hivyo ujuzi wa kuupika mpira ulikuwa umeshapatikana, kwani Mmarekani Charles Goodyear aligundua mwaka 1839 kwamba mpira uliochanganywa na salfa na kutiwa moto hauyeyuki kwenye joto wala haukakamai kwenye baridi. Mchakato huo uliitwa kwa jina la Vulcan, mungu wa moto wa Warumi wa kale, na katika nchi za Afrika Magharibi kama Nigeria na Ghana fundi wa pancha hadi leo huitwa kwa jina linalotokana na huo moto, ilhali Afrika Mashariki humtaja kwa tundu analoliziba.

Mara ya pili ilikuwa Belfast mwaka 1888, pale John Boyd Dunlop, daktari wa mifugo mwenye asili ya Uskoti, alipotengeneza tairi la upepo kwa ajili ya baiskeli ya magurudumu matatu ya mtoto wake. Mwaka uliofuata mwendeshaji Willie Hume alishinda mashindano mjini humo akiwa na matairi hayo, na waliocheka unene wake wakaacha kucheka. Lakini tairi la Dunlop lilikuwa limegandishwa na kufungwa katika ukingo wa gurudumu, na hapo ndipo pancha ilipoonyesha ukali wake. Kwa mujibu wa masimulizi ya kampuni ya Michelin yenyewe, mwaka 1889 mwendesha baiskeli mmoja alifika katika kiwanda cha ndugu André na Édouard Michelin huko Clermont-Ferrand, Ufaransa, akiwa na tairi la namna hiyo lililotoboka. Kulibandua na kulitengeneza kulichukua saa kadhaa, gundi ikahitaji usiku mzima kukauka, na kesho yake tairi likaisha upepo tena baada ya mwendo mfupi. Édouard Michelin alitambua kwamba tairi la upepo halingeweza kuenea mpaka mtu wa kawaida, bila ujuzi wa pekee, aweze kulitoa na kulirudisha mwenyewe, na mwaka 1891 akapata hataza ya tairi linalofunguliwa. Septemba ya mwaka huohuo Charles Terront alilitumia katika mashindano ya Paris kwenda Brest na kurudi, mwendo wa takriban kilomita 1,200, akashinda licha ya pancha alizopata njiani. Mwaka 1892 ndugu hao waliandaa mashindano kutoka Paris hadi mjini kwao na kuamuru misumari itawanywe katika sehemu ya barabara, ili umma ushuhudie waendeshaji wakitoboka, wakiziba na kuendelea. Ni vigumu kupata ushahidi ulio wazi zaidi kwamba bidhaa iliyouzwa haikuwa tairi lisilotoboka, bali tundu lisilochelewesha.

Wepesi huo wa Ulaya ulikuwa na gharama iliyolipwa kwingine. Miti ya mpira ya Brazili, ambayo mbegu zake takriban 70,000 zilichukuliwa na Henry Wickham mwaka 1876 na kupelekwa London, ilikuwa bado michanga katika mashamba ya Asia wakati baiskeli zilipoanza kudai mpira kwa wingi, kwa hiyo wafanyabiashara waligeukia mitambaazi ya misituni Afrika, hasa jamii ya Landolphia, ambayo utomvu wake mweupe ukiganda huwa mpira. Katika Dola Huru ya Kongo, iliyokuwa mikononi mwa Mfalme Leopold II wa Ubelgiji tangu 1885 hadi 1908, watu walilazimishwa kuutafuta utomvu huo kwa kuchapwa, kwa wake zao kushikwa mateka, kwa kuuawa na kwa kukatwa mikono, na ripoti ya Roger Casement ya mwaka 1904 ikayaweka mateso hayo mbele ya dunia. Kila anayeandika juu ya urahisi wa tairi anapaswa kuandika na hilo, kwa kuwa mwongo wa kwanza wa tairi la upepo ndio mwongo uleule wa mpira wa damu.

Afrika Mashariki ilikuwa na sehemu yake katika biashara hiyo. Mmoja wa mitambaazi hiyo, Landolphia kirkii, una jina la John Kirk, balozi wa Uingereza huko Zanzibar, na mabungo ambayo watu wa Zanzibar na Tanga huyasaga kuwa sharubati ni matunda ya mtambaazi wa ukoo huohuo. Kutoka nchi za kusini, kati ya mito Rufiji na Ruvuma, mpira wa porini ulibebwa hadi bandari za Kilwa na Lindi pamoja na pembe za ndovu. Wakati wa utawala wa Wajerumani walowezi walipanda miti ya mpira ya aina nyingine, iliyo ndugu wa muhogo, katika maeneo ya Muheza na Morogoro, lakini bei ilipoporomoka mwaka 1913 kwa sababu ya mpira mwingi na wa bei nafuu kutoka Asia, mashamba hayo yakafilisika. Pengine ndiyo sababu neno mpira katika Kiswahili limebeba mengi kiasi hicho: mti, utomvu, kitu cha kuchezea, bomba la maji na tairi, vyote kwa jina moja.

Gari lilipochukua tairi la upepo, tatizo lilikua pamoja na uzito. Ndugu wa Michelin waliliingiza gari lenye matairi hayo katika mashindano ya Paris kwenda Bordeaux na kurudi mwaka 1895, na pancha zikawaandama njia nzima. Magurudumu ya magari ya wakati huo yalikuwa yamekazwa moja kwa moja katika ekseli, kwa hiyo tundu lilipotokea dereva hakuwa na cha kubadilisha. Alilazimika kuinua gari kwa jeki, kulibandua tairi kwa vyuma bapa huku gurudumu likiwa mahali pake, kuvuta tyubu, kuitia kiraka au kuweka nyingine, kurudisha tairi bila kuibana tyubu, kisha kupiga pampu kwa mkono mpaka mabega yachoke. Kazi hiyo ilifanyika juani, mvuani na matopeni, na mara nyingi zaidi ya mara moja katika safari moja.

Ufumbuzi wa kwanza ulitoka katika mji mdogo wa Llanelli, Wales, ambako mwaka 1904 ndugu Walter na Tom Davies walianza kuuza gurudumu la dharura lisilo na spoki, lililokuwa duara la chuma lenye tairi lililokwisha kujazwa upepo, ambalo lilibanwa kwa vishikizo ubavuni mwa gurudumu lililotoboka. Waliliita Stepney kwa jina la mtaa wa karakana yao. Kampuni ilikwisha zamani, lakini jina limebaki: India, Bangladesh na Malta gurudumu la akiba bado huitwa hivyo, na neno la Kireno cha Brazili kwa kitu hichohicho lina asili hiyo. Waswahili hawakulipokea jina la mtaa huo. Walichukua spea, au wakasema kwa ufasaha zaidi tairi la akiba, neno ambalo ndani yake mna busara ya mtu awekaye chakula kwa ajili ya kiangazi.

Tukio lililoamua mambo lilikuwa mashindano makubwa ya Ufaransa yaliyofanyika karibu na mji wa Le Mans tarehe 26 na 27 Juni 1906. Njia ilikuwa na mzunguko wa kilomita 103, ikazungukwa mara sita kila siku katika joto kali lililoyeyusha lami, na kanuni ziliruhusu dereva na fundi wake peke yao kugusa gari. Waliotumia magurudumu ya kawaida walihitaji takriban robo saa kukata tairi lililotoboka na kuvisha jipya. Kampuni ya Michelin ilikuwa imetengeneza rimu inayofunguliwa, yaani duara la chuma linalobeba tairi ambalo liliweza kutolewa pamoja na tairi lake kwa kulegeza nati chache, na kazi hiyo ikachukua chini ya dakika nne. Rimu hizo ziliongeza uzito, na kwa kuwa uzito wa gari ulikuwa na kikomo, si kila gari liliweza kuzibeba. Ferenc Szisz, dereva kutoka Hungaria aliyeendesha gari la Renault, alikuwa nazo kwenye magurudumu ya nyuma, naye akashinda kwa zaidi ya nusu saa. Si haki kusema kwamba Szisz alishinda kwa rimu tu, kwa maana alikuwa dereva hodari na gari lake lilikuwa na kasi. Lakini baada ya siku mbili hizo hapakuwa tena na mtengenezaji aliyeweza kudharau dakika za pancha. Miaka michache baadaye gurudumu zima likaanza kutolewa kwa urahisi, na gari likapata gurudumu la tano lililofungwa nyuma au ubavuni.

Utaratibu uliozaliwa na gurudumu hilo umebaki karibu vilevile, na kila hatua yake ina sababu ambayo wengi huirithi bila kuelezwa. Gari husimamishwa mahali tambarare na pagumu kwa kuwa jeki huzama au kuteleza penye mchanga na mteremko, na jiwe huwekwa kwenye gurudumu lililo upande wa pili kwa sababu breki ya mkono huzuia magurudumu ya ekseli moja tu, ambayo huenda ndiyo iliyoinuliwa. Nati hulegezwa kidogo kabla ya kuinua, wakati ardhi yenyewe ingali inalishika gurudumu lisizunguke. Anayesahau hilo hujikuta akizungusha gurudumu lililo hewani pamoja na spana yake. Nati za kurudishia hukazwa kwanza kwa vidole, kisha kwa spana kwa kuvuka kutoka moja hadi iliyo mkabala nayo, maana zikikazwa kwa kufuata duara gurudumu hukaa upande, na baada ya gari kushushwa na kwenda mwendo kidogo hukaguliwa tena. Mtu aliyefundishwa hufanya yote haya kwa muda wa robo saa. Hiyo ni robo saa ya kubadilisha tu, wala si ya kuziba, kwa sababu tundu lenyewe limelazwa ndani ya buti na linaendelea kungoja.

Afrika Mashariki gari lilitangulia barabara zake na mafundi wake. Luteni Paul Graetz, Mjerumani, aliondoka Dar es Salaam kwa gari tarehe 10 Agosti 1907 na kufika Swakopmund, katika pwani ya Atlantiki, tarehe 1 Mei 1909, safari ya siku 630 katika nchi ambazo hazikuwa na karakana hata moja kwa umbali wa majuma. Aliyewafundisha watu wengi zaidi maana ya tundu hakuwa mwenye gari bali mwenye baiskeli, chombo kilichoenea kwa wakulima, makarani, walimu na wahubiri baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Fundi baiskeli chini ya mwembe ndiye babu wa fundi wa pancha, na kikopo chake cha vipande vya mpira, msasa na solusheni kilikuwa karakana kamili. Solusheni ni mpira ulioyeyushwa katika kimiminika kinachopaa upesi hewani, ujuzi unaorudi nyuma hadi kwa Charles Macintosh wa Glasgow, aliyeyeyusha mpira katika nafta mwaka 1823 ili kutengeneza makoti ya mvua. Na kosa la mwanagenzi asiye na subira, jana na leo, ni kubandika kiraka kabla kimiminika hicho hakijapaa, hata kiraka kikaelea juu ya unyevu badala ya kushikana na tyubu.

Shule nyingine ilikuwa lori. Msaidizi wa dereva, anayeitwa utingo Tanzania na tanboi Kenya, alifanya kazi iliyofanana na ya fundi aliyekaa ubavuni mwa Szisz, ila bila jina gazetini: alipanda juu ya mizigo, akaweka kigingi cha mti nyuma ya gurudumu kwenye mlima, akakata matawi na kuyapanga barabarani kuwaonya wanaokuja kwamba mbele kuna gari lililokwama, na akalala chini ya lori wakati dereva ameenda kutafuta msaada. Wakati wa majaribio makubwa ulikuja baada ya tarehe 11 Novemba 1965, pale walowezi wa Rhodesia walipojitangazia uhuru na Zambia ikakosa njia yake ya kusini ya mafuta. Malori yalibeba mapipa kutoka Dar es Salaam kupitia Morogoro, Iringa na Mbeya katika barabara ya vumbi, mawe na tope ambayo madereva na magazeti ya wakati ule waliilinganisha na jehanamu. Bomba la mafuta lilikamilika mwaka 1968, barabara ya lami na reli ya TAZARA vikafuata, lakini kwa miaka ile nchi nzima ya Zambia ilitegemea, pamoja na mengine, mikono iliyojua kuvua tairi la lori gizani. Mikono hiyo ilikuwa ya vijana ambao hakuna mnara unaowakumbuka, na inafaa kusemwa wazi kwamba walistahili.

Kutoka baiskeli na lori ilizaliwa kazi inayojulikana sasa katika kila mji na kila njia panda: banda dogo, au kivuli cha mti, na tairi kuukuu lililosimamishwa kando ya barabara, mara nyingi likiwa limeandikwa neno PANCHA kwa rangi nyeupe. Zana zake hazitoki katika kitabu cha kiwanda. Tairi hutenganishwa na rimu, ambayo Tanzania wengi huiita ringi, kwa nyundo na vyuma bapa. Tyubu hujazwa upepo na kuzamishwa sehemu baada ya sehemu katika beseni la maji, na mapovu yakaonyesha tundu ambalo jicho lisingeliona. Fundi hodari haanzi na kiraka. Kwanza hulinganisha mahali pa tundu kwenye tyubu na mahali pake kwenye tairi, akapitisha vidole ndani ya tairi polepole, kwa sababu msumari au mwiba ulioachwa humo utatoboa tena kabla mteja hajafika mbali, na hapo ndipo jina la fundi hujengwa au huharibika. Kisha hukwangua, hupaka solusheni, hungoja, hubandika na kugonga.

Kwa tundu kubwa kiraka cha baridi hakitoshi, na katika sehemu nyingi za Afrika mafundi wamebuni kifaa ambacho Goodyear angekitambua mara moja. Pistoni ya injini iliyokufa, iliyo kama kikombe cha chuma, huwekwa juu ya mpira mbichi uliofunika tundu, ikabanwa kwa klampu, ikatiwa petroli kidogo na kuwashwa. Moto ukiisha kiasi cha joto kilichohitajika kimekwisha kupita, na mpira mbichi umeiva ukawa kitu kimoja na tyubu. Kipimo cha petroli ndicho kipimo cha muda na cha joto, kwa hiyo kikombe kimoja kinafanya kazi ya jiko, saa na kipimajoto. Huu ni uvumbuzi wa kweli, nao haustahili kuitwa ubabaishaji kwa sababu tu haukusajiliwa katika ofisi ya hataza. Hatari za kazi nazo ni za kweli. Rimu za malori ya zamani zina pete ya chuma inayolifungia tairi mahali pake, na pete hiyo isipokaa sawasawa wakati wa kujaza upepo huruka kwa nguvu inayoweza kuua. Karakana kubwa huweka gurudumu ndani ya kizimba cha vyuma, na fundi asiye na kizimba hicho hupitisha mnyororo au hulilaza gurudumu pete ikitazama chini.

Ustadi wa kuziba ulikomazwa zaidi na uhaba. Kiwanda cha General Tyre mjini Arusha kilianza uzalishaji mwanzoni mwa miaka ya 1970, na Nairobi nayo ilikuwa na kiwanda cha Firestone, lakini baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979 Tanzania ilikosa fedha za kigeni, na tairi jipya likawa miongoni mwa vitu vilivyotafutwa kwa vibali na kwa kujuana. Tairi lililochanika liliwekewa kipande cha tairi jingine kwa ndani, tyubu ikabeba viraka juu ya viraka, na kilichoshindikana kabisa hakikutupwa: tairi likawa makatambuga, yaani viatu vya wazi ambavyo Kenya huitwa akala, na tyubu ikakatwa kuwa mipira ya kufungia mizigo kwenye baiskeli na ya manati za watoto. Kiwanda cha Arusha kilisimama kabla ya mwaka 2010 na cha Nairobi kikaacha kutengeneza matairi mwaka 2016, kwa hiyo matairi ya barabara hizi sasa huja kwa meli, mengi yakiwa yameshatumika kwingine.

Tairi lisilo na tyubu, lililotangazwa na kampuni ya BFGoodrich ya Marekani mwaka 1947 na kuenea katika magari mapya kuanzia mwongo uliofuata, lilibadilisha tena hesabu ya muda. Msumari ukiingia katika tairi hilo mpira hukumbatia msumari, upepo hutoka taratibu, na dereva hupata nafasi ya kufika kwa fundi badala ya kukwama penye tundu. Fundi naye halazimiki kulivua: huchomoa msumari, husugua tundu kwa chombo kama tupa ya mviringo, kisha hushindilia ukanda wa mpira wenye gundi na kukata kichwa kilichobaki nje, kazi ya dakika chache ambayo hufanyika gurudumu likiwa mahali pake. Wataalamu wa usalama wa barabarani huhesabu ukanda huo kuwa tiba ya muda, wakisisitiza kwamba tairi livuliwe na kukaguliwa ndani, na kwamba tundu la ubavuni lisizibwe kamwe kwa sababu ubavu hujikunja kila gurudumu linapozunguka. Ushauri huo ni sahihi, ingawa mteja mwenye haraka husikia zaidi neno dakika kuliko neno muda.

Magari ya karibuni yameanza kuliacha gurudumu la akiba lenyewe. Kwanza lilipunguzwa likawa jembamba, lenye onyo la kutozidi kilomita 80 kwa saa, kisha katika magari mengi likaondolewa kabisa ili kupunguza uzito na kuongeza nafasi, na mahali pake pakawekwa chupa ya dawa ya maji inayoganda pamoja na pampu ndogo ya umeme. Magari hayo huingia Afrika Mashariki yakiwa yametumika, na mara nyingine chupa imepita muda wake au haimo tena. Inapokuwamo na ikafanya kazi, dawa huzungushwa ndani ya tairi na mwendo wa gari, ikafika penye tundu na kuliziba kwa muda wa kutosha kumfikisha dereva katika banda lililo karibu. Hapo tairi huvuliwa, na kwa kuwa solusheni haishiki juu ya mpira uliolowa, fundi huchukua tambara na maji, akaanza kuifuta dawa hiyo kila mahali ndani ya tairi, na anapomaliza kuikausha ndipo hutafuta tundu.